Neno Lililorudi na Barua

Barua yangu ilirudi mwezi wa Machi mwaka 2000. Niliikuta katika sanduku la posta la shule niliyokuwa nikifundisha, mjini Mtwara, imelala chini ya waraka wa mishahara na magazeti ya wiki iliyopita. Niliitambua kabla sijaishika, maana hakuna mtu asiyeujua mwandiko wake mwenyewe. Ilikuwa bahasha ya ndege, ile yenye mistari myekundu na ya buluu pembeni, na katikati nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa anwani ya mdogo wangu katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani. Pembe zake zilikuwa zimelika. Juu ya anwani mtu, au mashine, alikuwa amebandika kikaratasi cha rangi ya njano. Mstari wa kwanza wa kikaratasi hicho ulianza na neno NIXIE, likifuatiwa na tarakimu nisizozielewa. Chini yake yalikuwapo maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema: irudishwe kwa mpelekaji; mwenyewe hajulikani hapa; haikuwezekana kupelekwa kwingine.

Maneno ya chini niliyaelewa vizuri, hata zaidi ya nilivyopenda. Neno la juu ndilo lililonishinda. Nilidhani kwanza ni jina la karani aliyeishughulikia barua. Mwenzangu aliyekuwa akifundisha historia aliigeuza bahasha mara mbili, akasema labda Wamarekani wameamua kumkumbuka Rais wao Nixon kwa namna hii, kwani naye alirudishwa kwake kabla ya wakati. Chumba cha walimu kilicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu nilijua kilichokuwamo ndani ya bahasha ile na nilijua ni nani aliyekuwa akingojea majibu yake.

Barua hiyo niliiandika mwezi wa Oktoba 1999, siku zile taifa zima lilipokuwa katika msiba wa Mwalimu Nyerere. Lakini hasa aliyeiandika si mimi, ni mama. Yeye alisema, mimi nikashika kalamu. Tulikaa juu ya mkeka nyuma ya nyumba yetu, kijijini, wilaya ya Newala, na mama akawa anasema sentensi moja, ananyamaza, ananiuliza nimeandikaje, kisha anaendelea. Baba alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Aliacha shamba la mikorosho alilolifungua kwa mikono yake, na jirani mmoja mwenye fedha alikuwa akilitaka. Mjomba aliona liuzwe, madeni yalipwe na nyumba iezekwe bati. Kwetu neno la mjomba ni neno zito. Hata hivyo mama alikataa kutoa jibu.

“Shamba hili lina wenyewe wawili,” alisema. “Mmoja hawezi kuuzwa fungu lake kwa sababu tu yuko mbali.”

Basi barua ilikuwa ya kumwuliza mdogo wangu: unarudi, au hurudi? Kama hurudi sema, mama hatakasirika. Kama unarudi, shamba litangoja.

Tukangoja sisi. Simu ya kwenda Marekani ilikuwa ghali mno kwa mwalimu, na namba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya nyumba aliyokwisha kuhama. Novemba ikapita, Desemba ikapita, mwaka ukageuka na watu wakaacha kuzungumza juu ya mwaka 2000 kama jambo la ajabu. Kila nilipokwenda nyumbani mama aliniuliza swali moja kabla hata ya kunipokea mzigo: “Barua?” Nami nikajibu, “Hakuna, mama.” Mjomba alisema ng'ambo imemmeza kijana. Jirani akaleta fedha za kuonyesha nia, akazirudisha mfukoni, akazileta tena. Na mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimlaumu mtoto wake huyo wa mwisho, siku moja mwezi wa Februari alisema taratibu, kama mtu anayejisemea, “Angalau angesema hapana.”

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu nilipokwenda maktaba ya shule na bahasha ile mkononi, nikashusha kamusi kubwa ya Kiingereza iliyokuwa imepoteza jalada.

Nilichokiona kwanza kilinifanya nidhani kamusi inanidhihaki. Ilisema nixie ni jini wa kike wa majini, nusu mtu na nusu samaki, akaaye katika mito na maziwa ya nchi za Wajerumani. Yaani ndugu wa nguva wa hadithi zetu za pwani. Neno hilo ni la kale. Katika Kijerumani cha zamani sana mnyama au pepo wa majini aliitwa nihhus, na Waingereza wa kale nao walikuwa na nicor, binamu yake. Ndugu Grimm, waliokusanya ngano za Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 19, wanaye jini huyo katika ngano zao zaidi ya moja. Nikajiuliza, jini wa majini ana shauri gani na barua ya mama yangu? Sisi tunatoka juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo akina mama wametembea maili nyingi kutafuta maji. Jini wa namna hiyo angekufa kwa kiu siku ya kwanza.

Chini ya neno hilo, kwa herufi ndogo, palikuwa na nixie wa pili. Huyo alielezwa kwa mstari mmoja tu: kitu cha posta kisichoweza kufikishwa kwa sababu anwani yake ina kosa au haisomeki. Na asili yake ikatajwa kwa silabi moja: nix.

Tangu siku hiyo nimelifuatilia neno hili kwa miaka, kila nilipopata kitabu au mtu wa kumwuliza. Nilikuwa nimelichukia, na mtu huwa na hamu ya kumjua vizuri anayemchukia.

Nix ni namna ambavyo Mjerumani wa kawaida, asiyejali ufasaha, hutamka neno nichts, maana yake “hakuna kitu”. Ukilifuata nichts nyuma kabisa unakuta maneno matatu ya kale yaliyobanwa yakawa moja: la kwanza ni kukanusha, la pili ni “wakati wowote”, la tatu ni “kitu” au “kiumbe”. Kwa hiyo ndani ya silabi hiyo moja mna sentensi nzima: si kitu, wala haijapata kuwa kitu. Waingereza waliliokota nix mwishoni mwa karne ya 18, nalo likaingia kwanza katika lugha ya mitaani, ile ya watu wasiopenda kueleweka na polisi. Upande wa pili wa bahari halikukosa watu wa kulitunza, kwa kuwa Wajerumani walihamia Marekani kwa mamilioni katika karne ya 19. Katika miaka ya 1880 peke yake waliingia zaidi ya milioni moja. Kisha Kiingereza kina ule mkia mdogo wa ie, unaofanya kazi kama ki yetu tunapogeuza mtoto kuwa kitoto. Nixie, basi, ni “kihakuna”. Kitu kidogo kisicho na mahali.

Nikiri kwamba jambo hili lilinichekesha kidogo. Wajerumani walipotutawala walituachia neno shule, ninaloandika kila siku ya maisha yangu, na neno hela, ambalo silioni mara nyingi. Wamarekani hawakutawaliwa nao, lakini nao wamepata zawadi yao: neno la kusema hakuna kitu.

Waliolifanya kuwa neno la kazi ni makarani wa posta, hasa wale wa kwenye treni. Hapa inafaa nieleze kidogo, kwa sababu bila kuijua kazi yao neno lenyewe halieleweki. Mwaka 1864, vita vya wao kwa wao vikiwa bado havijakwisha, Wamarekani walianza kuchambua barua ndani ya mabehewa yaliyokuwa yakienda, kwenye njia ya kutoka Chicago kuelekea magharibi. Kabla ya hapo barua ilishushwa mjini, ikachambuliwa, ikangoja treni nyingine. Sasa karani alisimama ndani ya behewa linaloyumba, mbele ya ukuta wa mashubaka madogo, akarusha kila barua katika shubaka la mji wake, huku mkono wa chuma uliotokeza nje ya behewa ukinyakua mifuko ya barua iliyoning'inizwa kando ya stesheni ambazo treni haikusimama. Hakuwa na nafasi ya kutazama kitabu. Alitakiwa kuyajua maelfu ya majina ya ofisi za posta kwa moyo, na treni gani inafika wapi. Alitahiniwa kwa kadi: anapewa fungu la kadi zenye majina ya posta, anazirusha katika mashubaka huku saa ikihesabu, na makosa yanahesabiwa pia.

Marekani ilikuwa na posta nyingi kupita kiasi. Mwaka 1901 zilifika 76,945, nyingi zikiwa pembe tu ya duka la kijijini. Majina yalikuwa yale yale yakirudiwa jimbo baada ya jimbo. Springfield walizonazo hata wenyewe huzichanganya. Mtu aliandika jina la ndugu yake, akaandika Springfield, akasahau jimbo. Au akaandika jina la kijiji alivyolisikia, kumbe kijiji hicho hakina posta. Karani akiwa na barua ya namna hiyo mkononi, na treni inakimbia, hakuwa na shubaka la kuitupia. Aliiweka kando. Fungu hilo la kando ndilo lililopewa jina. Mwongozo rasmi wa posta wa mwaka 1885 ulikwisha kulieleza, likiandikwa wakati huo nixes: ni barua na vitu vya posta vya ndani ya nchi visivyoweza kupelekwa kwa sababu vimeandikiwa mahali pasipo na ofisi ya posta, au jimbo ambalo ndani yake hamna posta yenye jina hilo.

Mahali pasipo na posta. Niliposoma maelezo hayo nilikumbuka kwetu. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, kitongoji chetu kilihamishwa pamoja na vingine vingi, nasi tukaenda kukaa karibu na barabara. Nilikuwa mtoto, nakumbuka mama akibeba jiwe la kusagia kichwani. Jina la pale tulipotoka likabaki midomoni mwa wazee tu. Laiti baba mdogo aliyekuwa akifanya kazi Tanga angetuandikia kwa jina lile, angekuwa anaandikia mikorosho. Lakini barua zake hazikupotea, na sababu ni kwamba hatukuwa na anwani yetu wenyewe hata kidogo. Aliandika: kwa Mwalimu Mkuu, shule ya msingi fulani, sanduku la posta namba fulani, Newala, na chini kabisa, mpe fulani. Mwalimu Mkuu aliipa barua kwa mtoto yeyote apitaye njia ya kwetu. Ulipohama kijiji, mwalimu alijua umehamia wapi, na kama hakujua mwalimu, mtoto alijua. Barua ilisafiri maili mia tano kwa serikali na maili mbili za mwisho kwa midomo ya watu. Sisemi ulikuwa mpango mzuri. Siri za watu zilifunguliwa njiani, na fedha zilizofichwa ndani ya barua zilikuwa na tabia ya kutoka. Nasema tu kwamba nixie alikuwa mgumu kuzaliwa.

Huko Marekani fungu lile la kando halikutupwa. Lilikwenda Washington, kwenye ofisi iliyoanzishwa mwaka 1825 na kuitwa kwa jina la kutisha, Ofisi ya Barua Mfu. Melville, yule mwandishi wa hadithi ya nyangumi, ana hadithi fupi ya mwaka 1853 kuhusu karani mmoja, Bartleby, mtu asiyetaka kufanya lolote. Na mwishoni msimulizi anasikia fununu kwamba kabla ya hapo mtu huyo alikuwa mfanyakazi wa ofisi hiyo. Melville aliona kuwa kushika barua zisizofika, siku hata siku, kunatosha kumvunja mtu. Simlaumu kwa kufikiri hivyo. Kwa yanayojulikana kuhusu ofisi yenyewe, hata hivyo, palikuwa mahali pa pilikapilika kuliko pa majonzi. Kufikia mwaka 1893 ilikuwa ikipokea zaidi ya vitu 20,000 kila siku. Iliajiri wachungaji waliostaafu, kwa kuwa ndani ya barua mlikuwa na fedha na ilidhaniwa mchungaji haibi. Iliajiri pia wanawake wengi, kwa hoja hiyo hiyo. Hao ndio pekee walioruhusiwa kisheria kufungua barua ya mtu, nao walifungua ili watafute jina na mahali pa aliyeiandika wamrudishie. Vilivyokosa mwenyewe kabisa, pete, bastola, hata nyoka, vingine viliwekwa katika kabati za kioo na watalii wakaenda kuvitazama.

Mashuhuri kuliko wote alikuwa Bi. Patti Lyle Collins. Alikuwa mjane mwenye watoto wa kulea, akaingia kazi hiyo kwa shida ya riziki, akawa bingwa wake. Walimletea zile zilizowashinda wengine. Inasimuliwa kwamba aliletewa bahasha iliyoandikwa jina la mwanamke na, mahali pa mji, neno Stock peke yake. Yeye aliipeleka Stockbridge, jimbo la Massachusetts, kwa kuwa alijua jina la ukoo wa mwanamke yule ni la kawaida katika mji huo. Nyingine ilikuwa imeandikwa Kisiwa, basi, kama kwamba duniani kuna kisiwa kimoja. Aliipeleka West Virginia, jimbo lisilo na pwani, kwa kuwa alijua kuna sehemu huko ambayo wenyeji wake huiita Kisiwa. Sijui, msomaji, kama unaona anachokifanya mama huyu. Hatazami barua kama karani. Anajiuliza mwandishi ni nani, anaita nini nyumbani kwake, sikio lake linasikiaje. Ndicho alichokifanya yule mtoto wa shule kwetu Newala, ila yeye Bi. Collins aliifanya kwa nchi nzima.

Waingereza nao walikuwa na watu wa namna hiyo. Wao barua isiyosomeka waliiita kipofu, na karani aliyekaa kuzisoma, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye macho makali kuliko wote ofisini, naye wakamwita kipofu. Napenda jina hilo kuliko nixie. Kipofu angalau anaongozwa. Kihakuna unamwongoza wapi?

Zama za Bi. Collins zilikwisha. Tarehe 1 Julai 1963 Wamarekani walianza kutumia msimbo wa posta wa tarakimu tano, na taratibu mashine zikajifunza kusoma. Katika miaka ya 1990, barua ambayo mashine imeshindwa kuisoma ilipigwa picha, na picha ikatumwa kwa waya hadi kwenye kituo ambako karani aliyeketi mbele ya kioo cha kompyuta aliitazama kwa sekunde chache na kubonyeza anachokiona. Vituo vya namna hiyo vilipata kuwa zaidi ya 50. Mwaka 1992 Ofisi ya Barua Mfu ilipewa jina la heshima, Kituo cha Kurejesha Barua, nacho kiko Atlanta. Neno nixie lakini halikustaafishwa. Liliruka kutoka midomo ya makarani wa treni hadi kwenye tumbo la kompyuta, na kompyuta ndiyo inayolichapa kwenye kile kikaratasi cha njano. Nadhani wengi wanaolipokea, Wamarekani wenyewe, hawajui kuwa wameandikiwa Kijerumani.

Sasa nirudi kwenye barua yangu, kwa kuwa nimeizunguka muda mrefu na ninajua kwa nini.

Jioni ile nilipotoka maktaba nilikwenda nyumbani, nikatoa kwenye sanduku la nguo barua ya mwisho ya mdogo wangu, nikaiweka kando ya ile iliyorudi. Aliandika namba ya nyumba 1417. Mimi niliandika 1471. Niliitazama kwa muda mrefu, nikitumaini kwamba mkono wake ndio uliokosea. Haukukosea. Yeye mwandiko wake ni wa kuku aliyekanyaga wino, tangu darasa la kwanza, nami nimemkaripia kwa huo mara nyingi. Lakini namba yake ilikuwa ya kweli. Wangu ulikuwa mwandiko wa mwalimu, safi, uliokaa juu ya mstari, unaosomwa na mashine bila kusita. Na hapo ndipo nilipomwelewa Bi. Collins vizuri zaidi. Mtu aliyeandika Kisiwa amekosea, ila kosa lake limebeba dalili: linaonyesha anakotoka, na mwenye akili anaweza kulifuata. Tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi hazina dalili yoyote. Hata angekuwa hai na ofisini, asingeweza kunisaidia. Nilikuwa nimekosea kwa usahihi mno.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Newala, barabara ya vumbi, saa nyingi. Njiani nilitunga namna tatu au nne za kusema. Moja wapo, nakiri, haikutaja namba ya nyumba hata kidogo, ilitaja posta ya Marekani tu. Ni rahisi kumsingizia asiyekuwapo, tena aliye mbali kiasi kile.

Mama alikuwa akipepeta. Aliuliza, “Barua?”

Nikasema, “Ipo, mama. Lakini ni ile yetu.”

Nilimweleza yote. Nilimwonyesha barua mbili na namba mbili. Hakusoma Kiingereza, lakini tarakimu alizijua, na alinyosha kidole chake kwenye 17 na kisha kwenye 71, akarudia. Nilingoja anigombeze. Mjomba, aliyekuwa ameketi kibarazani, alitoa sauti ya mtu anayetaka kusema jambo akaghairi.

“Kwa hiyo hakuipata,” mama alisema.

“Hakuipata.”

“Hajui kama tumemwuliza.”

“Hajui.”

Akaweka ungo chini. Alicheka, nami sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu baba afariki. Alimwita mjomba kwa jina lake la utoto, akamwambia, umesikia? Mtoto hakunyamaza. Aliyenyamaza ni namba. Miezi mitano alikuwa amelala na hapana ya mwanawe, hapana ambayo haikusemwa na mtu, na kikaratasi kile cha njano, ambacho mimi nilikiona kama hati ya aibu yangu, kilimwondolea yote kwa mara moja. Kama bahasha ingepotea baharini, au ingetupwa, au mtu wa nyumba ya 1471 angeiweka juu ya kabati na kuisahau, mama angeuza shamba mwezi wa Aprili. Hilo aliniambia mwenyewe baadaye. Alikwisha kupanga siku.

Aliniuliza neno lile kubwa la juu lasemaje. Nikamwambia makarani wa huko huiita barua ya namna hii “hakuna”. Akatikisa kichwa, akasema hao makarani hawana adabu. Barua kubwa kama hii, imekwenda hadi Marekani na kurudi, wanaiita hakuna?

Tuliandika nyingine usiku ule ule, kwa taa ya chemli. Safari hii mama alishika barua ya mdogo wangu mkononi na kunisimamia nilipofika kwenye namba, nikaandika tarakimu moja moja huku nikizitamka. Majibu yalifika baada ya wiki saba. Naye alikuwa amekaa muda wote huo akingoja jibu la barua yake, ile yenye anwani sahihi, akidhani sisi ndio tumemchoka.

Mama alifariki mwaka 2011. Mdogo wangu alikuja kwenye mazishi, na sasa anaishi Newala, katika shamba lile lile, akilalamika juu ya bei ya korosho kama wakulima wote. Mwaka 2022, serikali ilipoendesha Operesheni ya Anwani za Makazi na Postikodi, vijana walifika hata kwetu wakaipa njia jina na nyumba namba. Aliniambia kwa simu namba aliyopewa. Nilimwomba airudie, kisha nikamwomba airudie tena, akacheka akijua kwa nini.

Bahasha ninayo mimi. Mama aliitia katika kopo la maziwa pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo, akairithisha kama vitu vingine. Gundi ya kikaratasi imekauka na pembe moja imenyanyuka. Ukiiinua kwa kucha unaona chini yake mwandiko wangu mzuri, na namba ya nyumba ambayo sijui inakaa nani.